Kupogoa na Kuzalisha Mwasumini: Mwongozo kwa Watunza Bustani wa Pwani

Mwongozo huu ni wa watunza bustani za nyumba na hoteli, pamoja na wenye vitalu, katika mwambao wa Kenya na Tanzania, Bara na Visiwani. Mti unaozungumziwa ni mwasumini wetu wa kawaida: kichaka kisichopukutisha majani, chenye majani mazima yaliyokaa mawili mawili, na maua meupe yanayofunguka jioni. Mwasumini ambao kila jani limegawanyika vijani vidogo ni aina nyingine, na si kila agizo la hapa linaufaa.

Lililo kubwa ni hili: ua la asumini hutoka kwenye tawi jipya. Kichaka kilichoachwa miaka bila mkasi, hata kikilishwa samadi na maji, hunenepa miti na kutoa maua machache, tena juu kabisa, mkono usikofika. Mwenye nyumba mara nyingi huona uchungu mti wenye afya ukikatwa. Mweleze kabla hujaanza, vinginevyo atadhani umemuulia mti wake.

Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako asumini hulimwa shambani kwa biashara, vichaka hukatwa kila mwaka mwishoni mwa Novemba hadi kimo cha sentimita 45 hivi kutoka ardhini, na kufikia Machi uchumaji umeanza. Ukali huo wa mkasi tuuige, ila tarehe zetu ni nyingine. Pwani hii wakati unaofaa ni mwisho wa kipupwe, tangu nusu ya pili ya Agosti hadi mwanzo wa Septemba. Maua wakati huo ni haba, kwa hiyo hasara ni ndogo, na machipukizi yanakutana na joto na kisha mvua za vuli. Usikate sana katikati ya masika, kwa kuwa vidonda havikauki na ukungu hupata njia. Usikate sana Januari na Februari pia, kama huna maji ya uhakika ya kumwagilia.

Mwagilia siku moja kabla. Noa mkasi wa kupogolea, na uufute kwa spiriti kila unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine. Anza kwa kuondoa matawi makavu, yaliyougua na yanayosuguana. Kisha tafuta yale mazee zaidi, yenye gome la kahawia lililopasuka, uondoe kama theluthi yake karibu na ardhi ili mwanga uingie katikati. Yanayobaki yafupishe hadi kimo cha goti, kila mkato ukiwa juu kidogo ya pale majani mawili yanapoanzia, kwani macho ya kuchipua yapo hapo. Kichaka kizee, ambacho chini ni miti mitupu, kigawe: nusu mwaka huu, nusu mwaka ujao.

Ipo aina yenye maua ya tabaka nyingi, mfano wa waridi dogo, inayouzwa kwenye vitalu vya nje kwa jina la Grand Duke of Tuscany. Hiyo hukua polepole. Ipunguze ncha tu.

Ukimaliza, zungushia samadi iliyooza vizuri na matandazo yasiyogusa shina. Usiongeze mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi: utavuna majani. Baada ya hapo, kila mkupuo wa maua unapokwisha, kata ncha zilizochanua ili nyingine zitoke.

Udongo wa pwani unahitaji uangalifu wa pekee. Mahali pengi, toka Lamu hadi mashariki ya Unguja, chini kuna mwamba wa matumbawe na udongo umejaa chokaa. Katika udongo huo mizizi hushindwa kunyonya chuma hata kama kimo, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo humwaga jivu. Jivu hapo linazidisha maradhi, kwa sababu nalo hufanya kazi ile ile ya chokaa. Dawa ya kudumu ni mboji nyingi, mara kwa mara. Dawa ya haraka ni kunyunyizia majani salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita moja ya maji, jua likishapoa. Funika sakafu na ukuta uliopakwa chokaa, maana madoa yake ni ya kutu na hayatoki. Penye mwamba mtupu panda kwenye pipa lililotobolewa kitako. Ncha za majani zikiungua, shuku maji ya kisima yenye chumvi.

Utitiri mwekundu hushambulia wakati wa ukavu, na vidung'ata hufuatana na sisimizi. Vyote vianze kutibiwa kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani, kisha maji ya sabuni. Asumini hutungwa, huvaliwa nywelini na hutiwa kwenye kikuba. Kichaka kinachochumwa kisipigwe sumu ya wadudu.

Mwasumini huu ni nadra kuzaa mbegu. Miche hutokana na matawi, na siku ya kupogoa ndiyo siku ya kujaza kitalu, kwa kuwa malighafi yote iko chini miguuni pako. Usichukue ncha laini ya kijani, itaoza. Wala mti mgumu wa kahawia, huo huchelewa. Chagua sehemu ya kati, inayopinda bila kulegea. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne, mkato wa chini ukiwa chini tu ya kifundo. Ondoa majani ya chini na vichomozo vyote vya maua, na majani mawili ya juu uyapunguze nusu. Zika vifundo viwili katika mchanganyiko wa mchanga na mboji, nusu kwa nusu. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, na udongo uwe na unyevu bila kutota. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8, na kukivuta kipandikizi ili kuangalia ndiko kunakoiua mingi.

Anayetaka mche mmoja tu azike tawi bila kulitenga na mama yake: linamishwe, lichunwe gome kidogo chini ya kifundo, lifunikwe udongo na kukandamizwa kwa jiwe. Baada ya miezi miwili au mitatu hukatwa na kuhamishwa.

Vipandikizi vilivyoshika vihamishiwe kwenye viriba, na vikifika sentimita 20 vikatwe ncha ili vitoe matawi ya pembeni. Maua ya kwanza yatatokea mche ukiwa bado mchanga, yachume. Mche usiuzwe mpaka mizizi ionekane kwenye matundu ya kiriba, na siku chache kabla ya kuuzwa utolewe kivulini polepole, ili usiungue kwa mnunuzi.