Bunduki ya Upepo: Ilainishe, Usiiongezee Nguvu

Bunduki ya upepo inayotumia springi haina baruti wala mtungi wa gesi. Ukitunzwa, mtambo wake unaweza kudumu zaidi ya miaka hamsini. Hata hivyo wengi walio nayo hulalamika kwamba inatikisika, inalia kama chuma kilichogongwa, na risasi zake hutawanyika hata mpigaji alenge kwa makini namna gani. Wengi hukimbilia springi yenye nguvu zaidi, na hapo tatizo huongezeka. Kwa bunduki ya aina hii, usahihi huja kwa ulaini wa mwendo, na ulaini hupatikana kwa subira, usafi na mikono isiyo na haraka.

Sheria na mahali pa kulenga

Usidhani kwamba kwa kuwa haina baruti basi haihusiki na sheria ya silaha. Kabla ya kununua, kurithi au kusafirisha bunduki ya upepo hadi Unguja, nenda kituo cha polisi uulize kibali kinachohitajika, na uhifadhi hati zako pamoja nayo.

Wapo wanaoitaka kwa ajili ya kunguru. Ndege hawa waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, wakageuka balaa kwa mayai na makinda ya ndege wa asili. Lakini kunguru ana akili. Akishaona wenzake wanapigwa, humtambua mpigaji na kuhama mtaa. Kazi ya kuwapunguza imefanikiwa zaidi kwa mitego na sumu maalumu iliyo mikononi mwa wataalamu, na Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuondoa kunguru milioni moja kwa njia hiyo. Kupiga kunguru juu ya mapaa ya Mji Mkongwe ni hatari tupu: nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na nyuma ya kila dirisha kuna mtu.

Basi lenga shabaha ya karatasi, shambani, kwa idhini ya mwenye shamba. Jihadhari na uwanda wa mashariki na kusini ya kisiwa, ambako jiwe la matumbawe liko juu ya ardhi. Risasi ikigonga jiwe hilo huruka na kurudi. Tengeneza sanduku la mbao, lijaze matambara yaliyoshindiliwa, uweke bamba la chuma nyuma yake, na nyuma ya yote pawe na tuta la udongo. Vaa miwani ya kukinga macho, wewe na kila aliye karibu.

Kinachotokea ukivuta triga

Unapokoki, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni mbele ndani ya silinda, nayo inashindilia hewa mpaka ipate nguvu ya kuisukuma risasi ndani ya mtutu. Pistoni ikienda mbele, bunduki inasukumwa nyuma. Pistoni ikikutana na mto wa hewa iliyoshindiliwa, bunduki inachupa mbele. Mitikisiko yote miwili hutokea kabla risasi haijatoka mtutuni.

Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya usahihi kupotea. Ukiongeza nguvu ya springi, umeongeza mtikisiko wakati risasi bado imo ndani. Kiwanda cha Feinwerkbau cha Ujerumani kiliwahi kutatua tatizo hili katika bunduki za mashindano kwa kuuacha mtambo mzima uteleze juu ya reli. Sisi wenye bunduki za kawaida tunatatua kwa kupunguza msuguano, mlegeo na mtetemo.

Anza bila kufungua

Matatizo mengi hayahitaji kufungua mtambo. Hakikisha bunduki haina risasi na haijakokiwa, kisha fuata hatua hizi:

1. Kaza skrubu zote za kitako. Skrubu iliyolegea kidogo tu hutawanya risasi.
2. Kagua bawaba ya mtutu kwa bunduki ya kuvunja, yaani inayokokiwa kwa kukunja mtutu. Wakati bunduki imekokiwa na haina risasi, mtutu ubaki pale unapouacha, usianguke kwa uzito wake. Ukianguka, kaza bolti ya bawaba kidogo kidogo.
3. Pima sili iliyo kwenye maungio ya mtutu na silinda. Weka kipande chembamba cha karatasi laini juu ya maungio, kisha piga risasi kwenye sanduku. Karatasi ikipeperushwa, hewa inavuja na sili ibadilishwe.
4. Safisha mtutu kwa kuvuta kitambaa cha pamba kwa uzi imara, kutoka upande wa kupakia kwenda mdomoni. Usisugue mdomo wa mtutu kwa fimbo ya chuma, kwa sababu mkwaruzo mdogo hapo huipotosha risasi.
5. Kaza vilengeo au darubini. Mtikisiko wa kwenda na kurudi huharibu darubini isiyotengenezwa kwa bunduki za springi, hivyo chagua inayofaa.

Kamwe usifyatue bila risasi. Pistoni ikikosa mto wa hewa hugonga mwisho wa silinda, na sili au springi huvunjika. Wakati wa kupakia, shika mtutu au wenzo wa kukokia kwa mkono mmoja muda wote, maana ukijifunga ghafla unaweza kukata kidole.

Kufungua mtambo

Springi hukaa imebanwa hata bunduki isipokokiwa. Ukitoa pini au kizibo cha nyuma bila kuizuia, vitaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kazi hii haifanywi bila kibanio imara cha springi kilichofungwa mezani. Kama huna, mpelekee fundi anayeelewa mitambo ya aina hii.

Mtambo ukishafunguliwa, futa grisi yote ya zamani. Bingirisha springi juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda na ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile cha kiwanda. Lainisha ncha zake mbili kwa msasa mwembamba zisikwaruze. Ondoa ncha kali kwenye matundu ya silinda, kwani hizo huikata sili mpya wakati wa kuiingiza.

Kisha kagua kiongozi cha springi, ile fimbo inayoingia katikati yake. Springi ikicheza juu yake, hapo ndipo ule mlio wa chuma unapozaliwa. Fundi wa kukereza anaweza kutengeneza kiongozi cha plastiki ngumu kinachoishika springi kiasi kwamba inahitaji kusukumwa kwa mkono ili iingie. Mara nyingi marekebisho haya peke yake huibadilisha bunduki kabisa.

Grisi iwe kidogo mno. Paka grisi yenye molibdenamu kwenye pistoni na sehemu zinazosuguana, na utando mwembamba wa grisi nzito kwenye springi. Mbele ya pistoni pasiwe na mafuta. Hewa ikishindiliwa hupata joto kali, na mafuta yakiwepo huwaka kama ndani ya injini ya dizeli. Utaona moshi, utasikia kishindo, na kasi ya risasi itabadilika kila mara.

Chumvi ya bahari

Hewa ya Unguja ina chumvi, na masika na vuli huongeza unyevu. Kila baada ya matumizi, futa jasho na alama za vidole, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya chuma chote. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au sponji, kwani hunasa unyevu na kutu huanza kimyakimya. Ifungie kabatini penye kufuli, haijakokiwa, haina risasi, mbali na watoto.

Jinsi ya kushika na kupima

Bunduki ya springi haitaki kubanwa. Iache ikae juu ya kiganja kilicho wazi, mahali pale pale kila mara, na bega liiguse tu. Usiulaze mtutu juu ya meza au jiwe.

Jaribu aina kadhaa za risasi, kwa kuwa kila mtutu una yake unayoipenda. Kwa kila aina piga risasi kumi kwenye karatasi moja ukiwa mita 10, umbali ule ule wa bunduki ya upepo katika Michezo ya Olimpiki, kisha pima upana wa kundi la matundu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike matokeo. Mwisho wa kazi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Kundi likibana na mlio ukipungua, acha hapo hapo. Bunduki iliyotulia haihitaji kuguswa tena mpaka karatasi yenyewe ikuambie.