Kabla ya Kuhamia Gesi: Vidokezo kwa Wakazi wa Kibaha na Kisarawe

Pwani hatuna haja ya kupasha nyumba joto. Joto tunalolipia liko jikoni na kwenye ndoo ya kuogea, na hapo ndipo jiko la umeme la koili linapomaliza LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla.

1. Soma risiti. Sh1,000 ikikupa yuniti kama 8, uko D1, daraja la bei nafuu la wenye matumizi madogo. Ikikupa 2.8, uko T1, daraja la bei ya kawaida. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yaache, maana yanakatwa kodi ya jengo.

2. Piga hesabu. Chakula kinachoivishwa na kilo 1 ya gesi kingekula yuniti 9 au 10 za koili. Mtungi wa kilo 6, basi, ni sawa na yuniti 54 hadi 60. Kwa T1, ukiweka kodi na tozo, hizo ni kama Sh19,000 hadi 21,000. Linganisha na bei ya wakala wako wa gesi, Maili Moja au Kisarawe mjini. Kwa D1 ni kama Sh7,000 tu, ila ukipita yuniti 75 kwa mwezi bei inaruka zaidi ya mara tatu, na ukizoea kupita unahamishiwa T1. Kwa mtu wa D1 hiyo ndiyo faida kubwa ya gesi: taa, friji na televisheni vinabaki kwenye bei nafuu.

3. Anza na mtungi mdogo wenye jiko lake juu. Mtungi wa kilo 15 unadai regyuleta, mpira, vibano na jiko la plate mbili. Uliza kwanza kama regyuleta hiyo inaingia kwenye mitungi inayopatikana mtaani kwako.

4. Usihamishe kila kitu. Maji ya kuoga yabaki kwenye birika la umeme: kuifanya ndoo ya lita 20 iwe vuguvugu ni theluthi moja ya yuniti, na moto wa gesi chini ya sufuria hupotea mwingi pembeni. Maharage nayo yanapendeza kwenye jiko la presha la umeme. Gesi iwe ya chapati, ugali na mboga.

5. Dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo 6, ndiyo namba unayotaka kuiona.

6. Gesi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua mlango, usiguse swichi.

7. Ukiweza, nunua mtungi wa pili. Gesi ikiisha usiku, watu hurudi kwenye mkaa, na sisi majirani wa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi tunajua unakotoka. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa akiba hugharimu zaidi siku ya kwanza tu. Baada ya hapo unalipia gesi peke yake.