Somo la 12: Neno CHIMBA

Leo tujifunze neno moja: chimba.

Kuchimba si kulima. Mkulima hugeuza udongo wa juu ili apande mbegu. Mchimbaji hushuka chini. Tunachimba muhogo. Tunachimba kisima. Huko Mwadui, mkoani Shinyanga, almasi iligunduliwa mwaka 1940, na mgodi mkubwa ukachimbwa.

Neno hili limezaa maneno mengine. Anayechimba ni mchimbaji. Mahali panapochimbwa mawe ni machimbo. Mahali mto unapoanzia ni chimbuko.

Tena kuna kuchimba dawa. Basi likisimama porini, abiria husema, "Tushuke tukachimbe dawa." Dawa hasa ni mizizi, na mganga huifuata porini na jembe lake. Lakini abiria hawa hawana jembe. Wanakwenda kujisaidia. Hayo ni maneno ya adabu.

Adabu ni njema, lakini haizuii maradhi. Kinyesi kilichoachwa kichakani hakikuchimbiwa shimo. Mvua hukisomba mpaka kisimani. Nzi hutua juu yake, kisha hutua kwenye chakula chetu. Ndipo tunapopata kuhara, minyoo na kipindupindu, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Basi anayechimba dawa namna hiyo huchimba maradhi.

Mwaka 1973 ilifanyika Tanzania kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha walishika majembe na sururu, wakachimba vyoo. Kusoma kwao kulionekana katika kazi.

Nasi tufanye hivyo. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa mteremko, chini ya kisima. Tundu liwe na kifuniko. Kila utokapo, nawa mikono kwa sabuni.

Wazee husema: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wanamwonya mwenye nia mbaya. Mchimba choo naye huingia mwenyewe, lakini hutoka salama, yeye na jirani zake.

MASWALI
1. Kuchimba na kulima vinatofautianaje?
2. Kwa nini watu husema "kuchimba dawa"?
3. Jadilianeni: ni nyumba ngapi kijijini kwenu hazina choo? Mtazisaidiaje?
4. Andika sentensi tatu zenye neno chimba.