Pesa za kuhama zimechelewa? Uliza kwanza faili limekwama wapi

Chukua mfano wa mpangaji wa Jericho ambaye amelipia nyumba ya kaunti kwa miaka thelathini. Anaambiwa mtaa utajengwa upya, anaahidiwa pesa za kuhama, anatia saini fomu na lori linakuja kubeba vyombo. Huko Umoja au Kayole alikopata nyumba, landilodi anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti siku hiyo hiyo. Pesa za kuhama hazijaingia. Mwezi wa pili unafika, na anayegongewa mlango ni yeye, si afisi iliyomwahidi.

Kenya haina ruzuku ya kodi ya kila mwezi kama ile inayolipwa na mabaraza ya miji kule Uingereza. Huko, mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi aliyeleta stakabadhi zote, na baraza likashindwa kuamua ombi lake kwa siku 14, anaweza kulipwa kiasi cha muda huku uamuzi ukisubiriwa. Hapa hakuna kanuni ya aina hiyo. Mpangaji wa Eastlands anategemea makubaliano aliyotia saini kabla ya kuhama na sheria za jumla kuhusu utendakazi wa afisi za umma. Sheria hizo zina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, ila humsaidia zaidi mwenye karatasi mkononi.

Mfano ulio karibu ni wa Pangani. Wapangaji 48 wa nyumba za zamani walipewa Sh600,000 kila mmoja ili wakalipie kodi kwingine kwa miaka miwili wakati ujenzi ukiendelea. Hesabu yake ni Sh25,000 kwa mwezi. Pesa za kiasi hicho zikichelewa miezi minne, mpangaji atakuwa ametoa mfukoni, au amekopa, Sh100,000. Kuna pia ucheleweshaji wa aina ya pili ambao watu husahau kuuliza: ujenzi wenyewe ukipita ile miaka miwili, nani atalipa kodi ya mwezi wa 25? Swali hilo liulizwe kabla ya kalamu kugusa fomu. Nyumba ikishabomolewa, jibu lake huwa gumu kupatikana.

Mahali faili hukwama

Malipo yakichelewa, jambo la kwanza ni kujua yamekwama katika hatua gani, kwa sababu kila hatua ina dawa yake. Kupiga kelele katika afisi ya mhasibu hakusaidii ikiwa jina la mpangaji halijathibitishwa.

Sehemu yenye matatizo mengi ni sajili ya wapangaji. Sababu iko katika historia ya mitaa yenyewe. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Bahati, Maringo, Jericho na Ofafa, ambayo imebeba jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, zilifuata kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Katika muda huo wote nyumba zimepita kwa baba, kwa mjane, kwa mtoto na sasa kwa mjukuu, lakini kadi ya nyumba na risiti za kodi mara nyingi bado zina jina la babu. Siku ya kuhakiki wapangaji, kitambulisho kinasema jina moja na sajili inasema lingine. Karani hawezi kuidhinisha malipo hapo, na akiidhinisha atakuwa na la kujibu kwa wakaguzi.

Mjukuu huyo anapaswa kuanza mapema, hata kama mtaa wake haujatajwa katika mradi wowote. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kubadilisha jina la mpangaji huombwa katika afisi ya nyumba, kwa kupeleka cheti cha kifo, kitambulisho, risiti za kodi na barua ya chifu inayotaja jamaa wa marehemu. Lakini ikiwa mpangaji aliyesajiliwa alifariki akiwa tayari anadai pesa za kuhama, pesa hizo ni sehemu ya mali yake, na familia huenda ikahitaji idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi. Familia za Kiislamu, na ziko nyingi kuanzia Pumwani hadi Shauri Moyo, zinaweza kwenda kwa Kadhi. Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hivyo hata familia isiyo na mgogoro ijiandae kungoja. Ndugu wanaogombana wangoje zaidi.

Aliyepangishwa na mpangaji yuko katika hali ngumu zaidi. Huenda ameishi Maringo miaka kumi na kulipa kila mwezi, lakini alimlipa mwenye kadi wala si kaunti. Asisubiri siku ya lori ndipo aulize kama jina lake limeorodheshwa.

Hatua ya pili ni bajeti. Mwaka wa fedha wa kaunti huisha Juni 30. Pesa zilizotengwa na zisitumike kufikia siku hiyo haziwezi kulipwa tu mwezi Julai kama kwamba hakuna kilichobadilika. Lazima ziingizwe tena katika bajeti mpya au ya ziada. Vilevile, kaunti haichoti pesa katika hazina yake bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Ndiyo maana mpangaji anayeambiwa mwezi Mei kwamba pesa ziko njiani anafaa kuuliza swali moja la ziada: zitalipwa kabla ya Juni 30 au baadaye? Mradi unaofadhiliwa na mjenzi wa kibinafsi una utaratibu wake, na hapo swali huwa tofauti: nani hasa ndiye mlipaji aliyeandikwa katika makubaliano?

Hatua ya tatu ni benki, na hii huisha haraka. Akaunti imelala kwa kutotumiwa, tarakimu moja imekosewa, au jina la benki halilingani na la kitambulisho. Barua ya benki inayothibitisha akaunti humaliza kazi.

Kuuliza kwa maandishi

Wapangaji wengi hufuatilia kwa miguu. Wanafika City Hall, wanaambiwa warudi wiki ijayo, wanarudi, wanamkuta afisa mwingine. Baada ya miezi mitatu hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba waliwahi kufika. Barua fupi ingewafaa zaidi, na haihitaji wakili. Inaweza kusema hivi:

“Mimi ni mpangaji wa nyumba nambari (andika) mtaa wa (andika). Nilitia saini makubaliano ya kuhama tarehe (andika) na nikahama tarehe (andika). Sijalipwa Sh (andika). Naomba kujulishwa: je, jina langu limethibitishwa, je, malipo yameidhinishwa, na lini, yamekwama katika afisi gani na kwa sababu gani, yatalipwa tarehe gani. Naomba majibu haya chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria hiyo ya 2016 inaitaka afisi ya umma ijibu kwa muda usiozidi siku 21. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuliwasilisha hakulipiwi. Barua ipelekwe nakala mbili: moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe na irudi nyumbani na mwenyewe. Bila muhuri huo, siku 21 hazina mahali pa kuanzia kuhesabiwa.

Siku hizo zikipita kimya, sheria inachukulia kwamba ombi limekataliwa. Hapo mpangaji ana siku 30 za kupeleka suala lake kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, CAJ, ambayo wengi huiita afisi ya Ombudsman. Tume hiyo pia hupokea malalamiko kuhusu afisi za umma zinazochelewesha huduma. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya uamuzi wa kiserikali ulio wa haraka, halali na wa haki, na anayeumizwa na uamuzi huo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Wapangaji wa mtaa mmoja wakiwa na tatizo moja, afadhali wafike pamoja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu mkazi kuwasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti. Ombi hutiwa saini na hueleza hatua zilizochukuliwa awali, pamoja na kama kuna kesi mahakamani. Mwakilishi wa wadi anaweza kuliwasilisha. Hapa ndipo zile barua zenye muhuri zinaanza kulipa.

Mahakama ni njia ya mwisho, na ni vizuri kujua mipaka yake. Hukumu dhidi ya kaunti haitekelezwi kwa kutuma madalali wa mnada wabebe viti vya City Hall, sheria inazuia. Aliyeshinda huhitaji amri nyingine ya kumlazimisha afisa husika alipe, na hiyo huchukua muda. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria, shirika ambalo limetetea wapangaji wa Nairobi tangu miaka ya 1970.

Katikati ya haya yote hujitokeza mtu anayejua mtu. Anaahidi kusukuma faili kwa asilimia fulani, au anataka chai ya karani. Hakuna ada ya kulipwa pesa za kuhama. Anayeombwa hongo aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na asimpe mtu huyo kitambulisho wala makubaliano ya awali, hata kwa kuyatoa fotokopi tu.

Na landilodi mpya je? Yeye hahusiki na ahadi ya kaunti, na anaweza kudai kodi yake. Hata hivyo wengi huvumilia wakionyeshwa kitu. Nakala ya makubaliano na ya barua iliyogongwa muhuri, pamoja na sehemu ya kodi na tarehe ya kumaliza salio, impelekewe kabla ya tarehe tano.