Sinia la Matunda kwa Wageni: Tamu, Kali na Salama

Wageni wakibisha hodi Buyenzi, Bwiza au Kinama hapa Bujumbura, sinia la matunda ni ukarimu usio na gharama kubwa. Nanasi, embe, papai na avoka vikikolezwa ndimu, chumvi na pilipili huamsha hamu ya chakula kinachofuata.

Lakini matunda huliwa mabichi. Wali na maharagwe hupita motoni na vijidudu vikafa. Kwa matunda, kinga yetu ni maji salama, sabuni na kuandaa kwa wakati. Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na jiji letu la Bujumbura liliguswa. Ugonjwa huo huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa.

Mahitaji (watu 6)

- Nanasi 1 dogo na papai 1 dogo
- Embe 2 zilizoiva lakini bado ngumu kidogo
- Avoka 1 na ndimu 2
- Karanga za kukaanga, konzi 1
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Pilipili ya unga kidogo

Nunua matunda mazima, yasiyopasuka. Vipande vilivyokwisha katwa sokoni viache. Karanga zenye ukungu zitupe. Sukari haihitajiki.

Hatua kwa hatua

1. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1, yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hata maji ya bomba huchafuka yakilala kwenye bidoni iliyo wazi.
2. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Anayeharisha asiandae chakula.
3. Osha kila tunda kwa maji hayo salama kabla ya kulimenya, hata nanasi. Kisu kikipita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu hadi ndani.
4. Kama kisu na ubao vimetumika kwa samaki kama mukeke au kwa nyama, vioshe kwanza kwa sabuni.
5. Menya, kata vipande vya kutosha mdomo mmoja. Avoka ikatwe mwisho na kukamuliwa ndimu isibadilike rangi.
6. Nyunyiza chumvi na pilipili. Karanga zitiwe wakati wa kuandika meza, zisilainike.

Ndimu huongeza ladha. Haichukui nafasi ya kuosha.

Mezani

Funika sinia, nzi wasitue. Weka uma au vijiti ili mikono mingi isiingie sahani moja. Matunda yaliyokatwa yasikae nje zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, yasizidi saa 1. Barafu nayo itokane na maji salama.

Kila mgeni na hali yake

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Mwenye presha mtengee vipande vyenye ndimu na pilipili tu. Mwenye kisukari mpe kiasi kidogo cha matunda yenyewe badala ya juisi yake. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba. Uliza pia kama yupo anayedhurika na karanga.

Mtu akiharisha

Choo kikiwa majimaji kama maji ya mchele, mpe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku. Pakiti ya chumvichumvi hizo ikikosekana, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji salama. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na mgeni naye aondoke mzima: kabla ya Idi, harusi au ubatizo, chagueni mmoja wa kusimamia maji na sabuni, na mwingine wa kuangalia saa.