Mfadhili Akija, Akute Sanduku Lina Kitu

Mradi wa kuhifadhi pwani ya Tanga uliofadhiliwa na Ireland ulianza 1994 ukaisha 2007. Hiyo ni miaka mingi. Wafadhili wengi siku hizi hawafiki hata nusu yake. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla. Kwa hiyo akina mama mnaolima mwani Moa au Kipumbwi, mkiitwa kwenye mradi mpya, ulizeni kwanza: mnaondoka lini, na vifaa vitabaki kwa jina la nani? Jibu liandikwe, lisainiwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Lakini kabla mgeni hajafika, muwe na chenu. Undeni kikundi cha akiba, mnunue hisa kila wiki, hata kidogo. Sanduku la akiba liwe na makufuli matatu, funguo wazishike watu watatu wasiokaa nyumba moja, na anayelilaza sanduku kwake asiwe na ufunguo hata mmoja. Kikao kikifungwa, salio litajwe kwa sauti, wote walikariri. Kikao kijacho likaguliwe kwa kumbukumbu hiyo kabla daftari halijafunuliwa. Hapo asiyejua kusoma naye ni mkaguzi.

Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ni mkopo, utarejeshwa, ila umo kwenye sheria. Hamuombi hisani ya mtu.

Halafu kuna suala la saa. Wageni hupenda kikao saa nne asubuhi. Siku za bamvua, saa nne ndipo maji yametoka na mkulima wa mwani yuko shambani anafunga mbegu kwenye taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani. Watakaohudhuria ni wasio na shamba, na posho itawafanya wasemaji wa kikundi. Wapeni wageni tarehe za maji mafu.

Fedha ikipatikana, nunueni kamba, vigingi na chanja za kuanikia. Boti ya mashine inataka petroli na fundi. Ipokeeni tu ikiwa hisa zenu zinatosha kulipia matengenezo ya mwaka mzima.