Mkopo wa Nchi na Funzo la Chai

Wahenga walisema: Kukopa arusi, kulipa matanga. Mtu akikopa fedha za kununulia ng'ombe wa maziwa, naye hajui kumlisha wala kumtibu, ng'ombe atakufa na deni litabaki. Ndivyo ilivyo kwa nchi. Mkopo wa maendeleo hauzai matunda usipofuatana na mpango na maarifa.

Benki ya Dunia iliasisiwa katika mkutano wa Bretton Woods, Marekani, mwaka 1944. Mwaka 1960 lilianzishwa tawi lake, Shirika la Kimataifa la Maendeleo, kwa ajili ya nchi zisizoweza kubeba riba ya kawaida. Masharti yake ya miaka ile yalikuwa mepesi: deni lililipwa kwa miaka 50, miaka 10 ya kwanza bila kurudisha mtaji, na ada ya robo tatu ya asilimia moja kila mwaka.

Mpango

Kabla ya kukopesha, benki hutuma wataalamu kupima hali ya nchi: ardhi yake, mapato ya Serikali, watu wenye ustadi, na madeni yaliyopo. Ujumbe wa namna hiyo ulizuru Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1963. Ikumbukwe kwamba orodha ya matakwa si mpango. Mpango huchagua lipi litangulie na lipi lingoje.

Kadhalika mpango huangalia deni litalipwaje. Mikopo ya namna hii hurudishwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo ni lazima nchi iuze kitu ng'ambo.

Mfano wa chai

Zamani wengi walidhani kwamba chai ni zao la mashamba makubwa tu. Mwaka 1960 Serikali ya Kenya iliunda halmashauri ya kustawisha mazao maalum kwa wakulima wadogo, na mwaka 1964 kazi ya chai ikashikwa na Halmashauri ya Kustawisha Chai ya Kenya. Mwaka huo huo Shirika la Kimataifa la Maendeleo liliikopesha Kenya dola milioni 2.8 kwa kazi hiyo.

Mchai huanza kuchumwa yapata mwaka wa tatu. Mkulima akidaiwa mwaka wa kwanza, atalipa kwa kuuza mbuzi wake. Kwa hiyo deni lilikatwa kidogo kidogo katika bei ya majani mabichi, baada ya shamba kuanza kuzaa.

Tena majani yaliyochumwa hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo huharibika. Kiwanda bila barabara ni bure, na barabara bila kiwanda ni bure vile vile. Ndiyo sababu mikopo ilitafutwa pia kwa ajili ya barabara za chai.

Msaada wa maarifa

Fedha hazikuweza kumfundisha mkulima kupogoa mchai wala kuchuma majani mawili na chipukizi. Walihitajika mabwana shamba wa kutembelea mashamba, na wakaguzi wa kukataa majani mabaya kituoni. Mwanzoni wataalamu wengi walikuwa wageni. Baadaye Wakenya waliofunzwa wakashika kazi hizo. Mtaalamu mgeni asiyeacha mwanafunzi nyuma yake huondoka na maarifa yake.

Leo wakulima wadogo zaidi ya nusu milioni hulima chai nchini Kenya, nao hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya nchi.

Basi raia akisikia kwamba nchi yake imekopa, asiulize kiasi cha fedha tu. Na aulize pia: Kazi gani itakayolipa deni hili? Malipo yataanza kabla ya mavuno au baada yake? Na wataalamu wakisharudi kwao, nani atakayeiendesha kazi hiyo?